Begi la Kulalia Mlimani: Tuchague Jepesi Lenye Joto

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Naro Moru)

 

Tulipoambiwa tuje kuzungumza juu ya mabegi ya kulalia, yaani zile slipingi begi, mama mmoja alituuliza hapo mlangoni: "Hayo si mambo ya wageni? Sisi tumezoea kusikia habari za ng'ombe wa maziwa na matangi ya maji." Tulimjibu kwa swali. Mama, kijana wako anapopanda mlima na mizigo ya wageni, usiku analala ndani ya nini? Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa kweli sijawahi kumwuliza."

Basi leo tuulizane. Hapa Naro Moru, Nanyuki, Chogoria na vijiji vya kando ya msitu, nyumba nyingi zinakula kwa jasho la mlima. Kuna waongozaji, wapishi na wapagazi, wale tunaowaita mapota. Vikundi kadhaa hapa vimeweka akiba na vinataka kununua mabegi ya kulalia, ili vijana wetu wayatumie na wageni wakodishiwe. Ni wazo zuri. Lakini sisi tulilianza wazo hilo kabla yenu na tukapoteza pesa mara mbili. Tumekuja kuwaeleza tulipokosea, ili nanyi msilipie somo lile lile.

Makosa yetu mawili

Kosa la kwanza. Tulipokuwa na akiba yetu ya kwanza tulisema, tununue mengi kwa bei ya chini. Tukanunua mabegi 12 ya nyuzi za polista, mazito, makubwa kama godoro la mtoto. Tukafurahi kwa sababu stoo ilijaa. Lakini yalikuwa hayatoki! Vijana walikuwa wanayaacha kwa lango la mlima.

Kwa nini? Ninyi mapota mnajua. Kwa kawaida ya njia zetu, pota hubeba mzigo wa wageni wa kilo 18 kwa safari ya siku tatu, na hapo hatujahesabu chakula chake na vitu vyake mwenyewe. Vyote vyake vinakuja juu ya zile 18. Sasa mwambie aongeze begi la kilo tatu. Atalitazama, aupime mgongo wake, aliache. Atasema, "Nitajikunja karibu na jiko." Hivyo ndivyo kijana wetu mmoja alivyofanya. Alinyeshewa njiani, akalala na sweta mbichi chini ya blanketi moja jembamba. Alfajiri alikuwa anatetemeka, halafu akaacha kutetemeka, akawa anaongea kama mlevi na miguu haishiki njia. Wenzake walimvua nguo mbichi, wakamfunika kwa vyote walivyokuwa navyo, wakampa chai ya moto yenye sukari, na alipopata nguvu wakamteremsha. Tunashukuru alipona. Lakini siku hiyo tulielewa kwamba begi zito ni kama hakuna begi, kwa sababu halifiki pale baridi ilipo.

Kosa la pili tutalieleza mbele kidogo, tukifika kwenye utunzaji.

Kwanza, baridi yenyewe

Tusinunue begi kabla ya kujua baridi tunayopigana nayo. Kadiri unavyopanda, hewa inapoa, takriban digrii 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Naro Moru iko kama mita 2,000 juu ya bahari. Kambi ya Mackinder iko kama mita 4,200, na Shipton upande wa Sirimon ni karibu hivyo hivyo. Tofauti ni mita 2,200, yaani kama digrii 13. Ikiwa usiku hapa mjini ni digrii 10, na ninyi mnavaa koti, basi kule Mackinder ni kama digrii 3 chini ya sifuri. Usiku usio na mawingu inashuka zaidi. Austrian Hut iko mita 4,790, baridi ni kali zaidi. Lakini pale Met Station, mita 3,050, au Old Moses, mita 3,300, mambo ni nafuu.

Begi linaleta joto vipi?

Hapa watu wengi wanadanganyika. Begi halina moto ndani yake. Moto ni wewe mwenyewe. Kazi ya begi ni kuzuia joto lako lisitoke, na kinachozuia ni hewa iliyotulia, iliyofungiwa isipite huku na huku.

Mtazame kuku asubuhi ya Julai. Anajifurisha manyoya mpaka anaonekana mara mbili. Hajaongeza kitu mwilini, amefungia hewa tu. Na mlima wenyewe unatufundisha. Ile miti mikubwa ya senesio iliyo juu kule, majani yake yakikauka hayaanguki, yanabaki yamelizunguka shina kama blanketi. Usiku yale majani mabichi ya kileleni yanajifunga yakifunika chipukizi, na asubuhi yanafunguka. Mti umejishonea begi la kulalia kabla ya binadamu!

Sasa, kitu kinachofungia hewa nyingi kwa uzito mdogo kuliko vingine tunavyoweza kununua ni manyoya laini ya kifuani mwa bata na bata bukini. Hatusemi yale manyoya marefu yenye uti. Tunasema yale malaini yaliyo chini yake, yanayofanana na pamba na hayana uti mgumu. Unalikandamiza begi linakuwa dogo kama kichwa cha kabichi. Unalifungua, unalikung'uta, linaumuka kama unga wa mandazi. Begi zuri la manyoya la kufaa Mackinder linaweza kuwa na uzito wa kama kilo moja na robo. La polista lenye joto hilo hilo mara nyingi linafika kilo mbili au kupita. Kwa mtu anayebeba kilo 18 za mwenzake, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama begi litapanda au litabaki langoni.

Kusoma lebo bila kudanganywa

Lebo za mabegi zina mambo matatu ya kuangalia.

1. Nguvu ya kuumuka. Utaona nambari kama 550, 650 au 800. Inaonyesha manyoya ya uzito mdogo uliopimwa yanajaza nafasi kubwa kiasi gani. Nambari kubwa ina maana ya manyoya bora. Lakini msinunue kwa nambari hiyo peke yake! Ulizeni pia manyoya ni gramu ngapi. Zidisheni moja kwa nyingine. Begi lenye gramu 600 za daraja la 800 linapata 480,000. Lenye gramu 800 za daraja la 600 linapata 480,000 vilevile. Kwa hiyo hewa inayofungiwa ni sawa, ila la pili ni zito kwa gramu 200, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Kwa kikundi, hilo la pili laweza kuwa ununuzi wa busara.

2. Mchanganyiko. Mkiona 80/20, maana yake ni sehemu 80 manyoya laini na 20 manyoya yenye uti. Lebo ya 90/10 ni bora. Likipita 70/30 kuelekea chini, liacheni. Papasa kitambaa kwa vidole. Ukisikia miiba miiba mingi, uti umezidi.

3. Kiwango cha baridi. Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Tangu miaka ya 2000 mabegi mengi ya Ulaya hupimwa kwa kanuni moja, na mwaka 2016 ikatoka kanuni ya kimataifa, ISO 23537. Utakuta viwango vitatu. Cha kwanza ni cha starehe, ambacho hupimwa kwa mwanamke wa kawaida anayelala vizuri. Cha pili ni cha mpaka, mwanamume wa kawaida akiwa amejikunja lakini hajaganda. Cha tatu ni cha hatari, yaani mtu anaweza kumaliza saa sita bila kufa kwa baridi, ingawa anaweza kuumia vidole. Sasa wauzaji wengine wanaandika kile cha tatu kwa herufi kubwa! Ninyi ulizeni cha starehe. Kwa Mackinder na Shipton sisi tunanunua la starehe ya digrii 5 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Kwa wanaolala Austrian Hut, digrii 10 chini ya sifuri.

Jambo jingine. Mabegi ya Marekani hutumia digrii za Farenhaiti. Farenhaiti 40 ni kama 4 zetu. Farenhaiti 30 ni kama 1 chini ya sifuri. Farenhaiti 20 ni kama 7 chini ya sifuri, na Farenhaiti 0 ni kama 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo ukiona "20" kwenye begi la mtumba usilitupe ukidhani ni la Mombasa. Huenda ndilo unalotafuta.

Kukagua begi la mtumba

Tuseme ukweli, vikundi vyetu havitanunua mengi mapya. Mabegi mazuri hupatikana kwa mitumba, na pia kwa wageni ambao wanamaliza safari na hawataki kurudi nayo kwao. Mkipata, fanyeni hivi bila haraka:

- Likung'uteni, mlilaze mezani, mngoje kama saa moja. Likibaki bapa kama chapati, manyoya yamekufa au yamejaa mafuta na jasho.
- Liinueni kwenye mwanga wa dirisha. Vyumba vilivyoshonwa viwe vimejaa vyote. Mkiona chumba kinapitisha mwanga, hapo ndipo baridi itaingilia.
- Linuseni. Harufu ya uvundo ina maana liliwekwa likiwa bichi.
- Vuteni zipu mara kumi. Kando ya zipu kuwe na mfereji uliojazwa manyoya wa kuzuia upepo.
- Liwe na kofia yenye kamba ya kukaza, na umbo pana mabegani, jembamba miguuni. Vijana huliita jeneza, lakini jeneza hilo ndilo linaloweka mtu hai! Likiwa pana mno unapasha joto hewa ya bure. Likibana mno unayakandamiza manyoya na joto linatoka.
- Lipimeni kwenye mizani ya duka. Msikubali kuambiwa tu kwamba ni jepesi.

Na polista je? Haina kazi?

Inayo. Manyoya yana adui mmoja mkubwa, nayo ni maji. Yakilowa yanashikana kama ugali uliobaki, hewa inatoka, joto linakwisha. Polista ikilowa bado inasaidia kiasi, na inakauka upesi. Ninyi mnaopita njia ya Naro Moru mnaijua ile sehemu ya tope na majimaji juu ya Met Station. Na mvua za Aprili na Novemba hatuhitaji kuzieleza.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Mabegi ya manyoya yawe ya vituo vya juu, kwa watu waliofundishwa kuyatunza. Machache ya polista, yasiyozidi kilo mbili, yabaki kwa vituo vya chini, kwa wanafunzi, na kwa miezi ya mvua. Tuseme bei ya begi moja la manyoya inanunua matatu ya polista nzito. Bado nunueni hilo moja, kwa sababu yale matatu yakilala stoo hayamsaidii mtu, na begi la manyoya likitunzwa linaweza kudumu miaka mingi.

Utunzaji, na kosa letu la pili

Haya, sasa tuwaambie kosa la pili. Tulipopata akili tulinunua mabegi matatu mazuri ya manyoya. Mvua za masika zilipokuja, safari zikapungua, tukayashindilia ndani ya vifuko vyake vidogo, tukayafungia stoo. Wiki nyingi baadaye tuliyafungua. Mawili yalikuwa na ukungu, na yote matatu yalikataa kuumuka. Mweka hazina wetu alikaa chini, hakusema neno. Ilikuwa ni akiba ya akina mama wa mboga ile.

Tangu hapo tuna masharti, nayo yamebandikwa ukutani:

1. Begi likirudi kutoka mlimani hutandazwa siku nzima mahali pakavu penye hewa, hata kama linaonekana kavu. Pumzi na jasho la usiku huingia ndani.
2. Halihifadhiwi likiwa limebanwa. Linatundikwa, au linawekwa ndani ya gunia kubwa la kitambaa. Kifuko kidogo ni cha safari tu.
3. Njiani begi liwe ndani ya mfuko mzito usioingiza maji. Msitegemee zile karatasi za dukani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga. Fundi wa turubai anaweza kuwashonea mfuko wa kudumu.
4. Kufua ni mara chache sana. Tumieni sabuni laini kidogo tu, bila dawa ya kung'arisha, ndani ya beseni kubwa. Msilisokote. Msiliinue kwa ncha moja likiwa na maji, vyumba vitapasuka. Kukauka kwaweza kuchukua siku kadhaa, na kila siku mnavunjavunja mabonge kwa vidole. Fanyeni Januari au Februari jua likiwapo, msifanye Julai.
5. Hakuna kulikaribisha jiko. Kitambaa chake kinayeyuka kwa cheche moja.

Na hapa akina mama mna kazi yenu yenye faida. Kila begi linahitaji shuka la ndani, lililoshonwa kama mfuko, la pamba au kitambaa chepesi cha sweta. Shuka hilo ndilo linalofuliwa kila safari, begi lenyewe linabaki safi. Mgeni anayekodi anafurahi, na shuka linaongeza joto kidogo. Kikundi chenye cherehani moja kinaweza kuyashona na kuviuzia vikundi vingine.

Usiku wenyewe

Begi zuri linaweza kuharibiwa na mlalaji. Chini ya mgongo manyoya yanakandamizwa na hayana joto, kwa hiyo lazima kuwe na mkeka wa sponji. Asiye na mkeka amenunua nusu ya begi. Vua nguo mbichi, vaa soksi kavu na kofia. Kula kwanza, maana tulisema moto ni wewe, na moto unahitaji kuni. Weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri miguuni. Usiingize pua na mdomo ndani, pumzi italowesha manyoya.

Na tafadhali, msichanganye baridi na ugonjwa wa mwinuko. Mtu anayeumwa kichwa sana, anatapika, anakohoa na kukosa pumzi akiwa amekaa, au anayumba, hatibiwi na begi. Anateremshwa, hata kama ni usiku.

Nani alale ndani yake?

Tunamalizia na jambo ambalo lilitugawanya sisi wenyewe. Tulipopata mabegi mazuri, wengine walisema yote yakodishwe kwa wageni, kwa kuwa mgeni ndiye mwenye pesa. Kijana wetu yule aliyeteremshwa alisimama kikaoni akauliza, "Basi mimi nitabeba begi lenye joto ili nilale nje yake?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Tulipitisha kwamba kwa kila begi linalokodishwa kwa mgeni, moja linapanda na mpagazi bila malipo. Mapato ya lile la kwanza yanatunza la pili. Kila begi lina nambari, kila safari inaandikwa kwenye daftari, na mgeni anaweka amana. Tunaongeza moja moja, haba na haba. Si sisi wa kwanza kufikiri hivyo. Kule Moshi, shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project, lililoanza mwaka 2003, huwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo. Sisi kwetu tuna mlima, tuna vikundi, na tuna cherehani.

Mama yule wa mlangoni, tunakuona umekaa pale nyuma. Ukifika nyumbani leo, mwulize kijana wako lile swali. 

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Wapagazi wa kijiji chetu hulala ndani ya nini wakiwa mlimani? Tumewauliza wao wenyewe?
2. Akiba yetu ya sasa yaweza kununua begi moja zuri? Tukingoja miezi michache zaidi, je?
3. Nani atakuwa na ufunguo wa stoo, na nani ataandika daftari?
4. Ni nani kati yetu anayeweza kushona mashuka ya ndani na mifuko ya turubai?
5. Tutakodisha yote, au tutaweka sehemu kwa ajili ya vijana wetu?